Mnyama Akiharibu, Nani Alipe?

Mwaka 1957, Jaji Devlin wa Mahakama Kuu ya Uingereza aliamua kesi ya tembo aitwaye Bullu. Bullu alikuwa tembo wa sarakasi ya Bertram Mills, London, mpole na mzoefu wa kazi yake. Siku ya tukio tembo walikuwa wanapita kwa msafara kuelekea ulingoni, mbwa mdogo akabweka, Bullu akamgeukia, kibanda cha maonyesho kikaanguka na mwanamke aliyekuwa ndani akaumia. Jaji alikubali kwamba Bullu hakuwa hatari kuliko ng'ombe. Hata hivyo, wenye sarakasi walitakiwa kulipa. Tembo, kwa jinsi yake, alihesabiwa kuwa mnyama wa mwituni, na anayemweka mnyama wa namna hiyo hubeba madhara yake yote, awe amezembea au hakuzembea.

Sasa tumfikirie tembo mwingine, anayetoka hifadhini usiku na kuingia shamba la mahindi la mwanakijiji wa Tanzania. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Mwenye mali basi anajulikana. Lakini mkulima hapewi fidia. Anapewa kifuta jasho kwa mazao, na familia yake hupewa kifuta machozi ikiwa tembo ameua. Kanuni za 2011 ziliweka shilingi milioni 1 kwa kifo na laki 5 kwa ulemavu wa kudumu. Serikali inatoa pole, na pole haikiri dhima.

Tofauti ya tembo hawa wawili imenifanya nirudi kwenye mapokeo ya kale, maana swali la nani abebe dhima ya mnyama limewashughulisha watu tangu walipoanza kufuga.

Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, yapata mwaka 1750 kabla ya Kristo, zinatenganisha ng'ombe wawili. Wa kwanza anapita njiani, anampiga mtu pembe, mtu anakufa: hakuna madai. Wa pili anajulikana kuwa mkali. Wakuu wa mtaa wameshamwonya mwenyewe, naye hakumkata pembe wala kumfunga. Huyo akiua mtu huru, mwenyewe atatoa nusu mina ya fedha, kama robo kilo hivi kwa vipimo vya leo. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinafuata mstari huohuo kwa ukali zaidi. Ng'ombe aliyeua hupigwa mawe na nyama yake hailiwi, lakini mwenyewe hana hatia; ila kama alishaonywa na hakumzuia, naye anastahili kifo, isipokuwa atozwe fidia ya kuikomboa nafsi yake. Marabi wa Kiyahudi walioandika Mishna, mkusanyo wa sheria zao, wakaja na hesabu: ng'ombe ambaye bado hajatajika kwa ukali, mwenyewe alipe nusu ya hasara, akishashuhudiwa mara tatu, alipe yote.

Majaji wa Uingereza nao walifika karibu na hapo. Kwa mnyama wa kufugwa, mbwa au fahali, mlalamikaji alipaswa kuthibitisha kwamba mwenyewe alikuwa anajua ukali wa mnyama wake. Kanuni hiyo iliingia Tanganyika pamoja na misingi mingine ya sheria za Uingereza iliyopokelewa kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920.

Kigezo hiki cha kujua kina akili ndani yake, kwa sababu hakimwadhibu mtu kwa jambo ambalo hakuweza kulitazamia. Lakini siridhiki nacho. Mtu wa kwanza kupigwa pembe ndiye anayegharimia elimu ya mwenye ng'ombe. Tena kigezo chenyewe kinamtazama mwenye mnyama peke yake, na kumsahau mwenye shamba aliyesimama ng'ambo ya pili.

Ndiyo maana nadhani hukumu nzito kuliko zote katika jambo hili ilitolewa Madina. Msingi wa jumla katika Uislamu ni kwamba jeraha la mnyama halina malipo. Mnyama hana akili ya kushtakiwa, na mwenyewe hakutenda. Msingi huo ungeachwa hivyo, wafugaji wangelala usingizi mzuri na wakulima wangekesha. Kisha ngamia wa sahaba Baraa bin Azib akaingia bustani ya mtu na kuiharibu. Mtume akaamua hivi, kama ilivyopokewa katika Muwatta ya Imamu Malik: kulinda mashamba mchana ni juu ya wenye mashamba, na kinachoharibiwa na wanyama usiku ni juu ya wenye wanyama.

Tazama kazi iliyofanywa na hukumu hiyo. Haiulizi kama ngamia alikuwa na historia mbaya. Haiulizi mwenyewe alijua nini. Inagawa saa ishirini na nne kati ya watu wawili ambao wote wanahitaji kuishi. Mchana mnyama hana budi kula, huwezi kumfunga. Mkulima naye yuko macho na yuko shambani, basi alinde. Usiku mkulima ana haki ya kulala, na mnyama ana zizi, basi mwenyewe afunge mlango. Kila mmoja anabeba dhima katika saa ambazo kulinda ni kwepesi kwake. Swali linakuwa moja tu: nani alikuwa zamu?

Wanazuoni hawakukubaliana wote. Wahanafi walishikilia ule msingi wa kwanza, kwamba mnyama aliyejitokea mwenyewe hana malipo, mchana wala usiku. Malik na Shafii waliichukua hukumu ya Madina. Na kwa Washafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, baadhi ya mafaqihi walikwenda mbele zaidi: kama desturi ya mji ni kulinda mashamba usiku na kuchunga wanyama mchana, basi hukumu nayo inageuka pamoja na desturi. Hapo walishika kiini chenyewe, kwamba dhima inafuata ulinzi ambao watu wa mahali hapo wanatarajiana.

Kurani ina kisa cha jirani, katika Sura ya Al-Anbiyaa, cha kondoo walioingia shambani usiku, kesi ikapelekwa mbele ya Daudi na Suleiman. Wafasiri wanaeleza kwamba Daudi aliona kondoo wachukuliwe na mwenye shamba. Suleiman akaona jambo jingine: mwenye shamba awachukue kondoo kwa muda, anywe maziwa yao na atumie sufu yao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi lilivyokuwa, kisha kila mtu arudishiwe chake. Hukumu hiyo inaponya hasara bila kumfilisi mfugaji, na inamtuma akaliguse kwa mikono yake lile shamba alilolisababishia hasara.

Marekani ilikwenda njia ya kinyume. Katika majimbo ya magharibi ya karne ya 19, mkulima ndiye aliyetakiwa kuzungusha uzio, la sivyo ng'ombe akiingia hana madai. Lakini Robert Ellickson, mwanasheria aliyewachunguza wafugaji wa Shasta huko California na kuchapisha kitabu chake mwaka 1991, alikuta majirani hawaiulizi sheria. Kwao, mwenye ng'ombe anawajibika kwa ng'ombe wake, na deni dogo hulipwa kwa msaada siku nyingine.

Ujirani wa namna hiyo ukivunjika, matokeo tunayajua. Desemba 2000 huko Kilosa, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wafugaji na wakulima uliacha watu 38 wamekufa. Sababu zilikuwa nyingi, ardhi na utawala mbovu zikiwamo, na sitaki kuuhusisha msiba ule na ng'ombe mmoja aliyeingia shamba moja. Lakini mahali ambapo hakuna anayeaminiwa kusema nani alikuwa zamu, kila shina la mahindi lililovunjika linakuwa shitaka.

Turudi kwa tembo. Kwa kawaida huvamia mashamba usiku. Mahindi yakikaribia kukomaa, mkulima anajenga dungu la miti, anapanda na tochi na madebe, anakaa mpaka alfajiri. Pembeni ametandaza kamba yenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu na pilipili. Asubuhi anashuka kwenda kupalilia. Mchana yuko zamu, usiku yuko zamu. Kwa kipimo cha Madina, anabeba saa zake na saa za mwenye mnyama.

Yapo majibu ya haki kwa upande wa serikali. Tembo wa hifadhini hana zizi. Hakuna askari wa kutosha kumfuata kila mmoja. Na fiqhi yenyewe humhesabu mnyama wa mwituni kuwa hana mwenyewe, kwa hiyo hana wa kumlipia. Hoja hii ya mwisho ningeikubali kama wanyama wangebaki bila mwenyewe. Lakini dola imewatangaza kuwa mali yake ya udhamini, imekataza kuwawinda bila kibali, na inakusanya viingilio vya watalii wanaokuja kuwatazama. Mafaqihi wana kanuni kwamba mapato humwendea anayebeba dhamana ya hasara. Anayekunywa maziwa ya kondoo hawezi kusema kondoo si wake siku wanapokula shamba la jirani.

Kenya, katika sheria yake ya wanyamapori ya 2013, iliiita fidia kwa jina lake na kuweka shilingi milioni 5 za Kenya kwa kifo. Madai mengi yamekaa miaka bila kulipwa, na hilo ni dhuluma ya aina yake. Lakini mfiwa wa Taveta, mpakani upande wa Kenya, anadai deni, na deni lina mahali pa kudaiwa. Mfiwa wa upande wa pili wa mpaka anasubiri pole.

Kuna kipengele kimoja katika kanuni za Tanzania za 2011 kinachonisumbua kuliko vyote. Kifuta jasho cha mazao kilipangwa kwa umbali kutoka mpaka wa hifadhi: walio karibu shilingi 25,000 kwa ekari, walio mbali zaidi hadi 100,000, na zisizidi ekari tano. Mantiki yake ni kwamba aliyelima karibu alijua tembo wapo. Kigezo cha kujua, ambacho Babeli ilikiweka juu ya mwenye ng'ombe mkali, hapa kimebebeshwa aliyepigwa pembe. Hifadhi nayo inajua. Inajua njia za tembo, inajua mwezi wa mahindi, inajua vijiji vilivyokuwapo kabla mpaka haujachorwa. Na kwa ujuzi wote huo, kanuni hazikuitoza hata shilingi.