Uonjaji wa divai

Uonjaji wa divai (pia: uonjaji wa mvinyo, mitaani kinywaji hicho huitwa waini) ni upimaji wa divai kwa macho, pua na ulimi ili kujua ubora na kasoro zake. Hufanywa na wataalamu viwandani na mashindanoni, lakini hata mnunuzi wa kawaida anaweza kuutumia kujua kama chupa ya bei nafuu inastahili fedha zake.

Hatua za kuonja

Divai humiminwa hadi theluthi moja ya glasi, na rangi yake hutazamwa mbele ya karatasi nyeupe. Kisha glasi huzungushwa taratibu ili harufu ipande, na hunuswa kabla ya kuonjwa. Funda dogo huzungushwa mdomoni. Anayeonja divai nyingi hulitema.

Mambo yanayopimwa ni utamu, uchachu, ukakasi wa tanini (hasa katika divai nyekundu), ukali wa alkoholi na muda ambao ladha hubaki mdomoni. Divai nzuri ni ile ambayo mambo hayo yanalingana, bila moja kufunika mengine.

Divai nyeupe huonjwa kwenye nyuzijoto 8 hadi 12 za selsiasi, nyekundu 15 hadi 18. Kwa hiyo katika miji yenye joto kama Dodoma na Tabora, hata nyekundu hufaa kupoozwa kidogo. Baridi kali huficha kasoro.

Kasoro

* Harufu ya siki: bakteria wamegeuza alkoholi kuwa asidi.
* Rangi ya kahawia katika divai nyeupe changa: hewa imeingia.
* Harufu ya yai bovu: kuna gesi ya salfa.
* Harufu ya karatasi iliyolowa na kuvunda: kizibo kimeharibika.

Chembe ngumu zinazong'aa chini ya chupa si kasoro. Ni chumvi za asili za zabibu.

Bei na ubora

Bei huathiri ulimi. Katika utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2008, watu walipewa divai ileile mara mbili, mara moja wakiambiwa bei ya chini na mara nyingine bei ya juu. Waliisifu zaidi ilipotajwa kuwa ghali. Mwaka huohuo utafiti mwingine, uliotumia maonjo zaidi ya 6,000 yaliyofanywa bila kujua bei, ulionyesha kwamba watu wasio na mafunzo hawakupendelea divai ghali. Kwa sababu hiyo waamuzi hufunika chupa kabla ya kuonja. Mwaka 1976, jijini Paris, waamuzi Wafaransa walioonja kwa njia hiyo waliweka divai za California katika nafasi ya kwanza, mbele ya zile za Ufaransa.

Tanzania

Zabibu za divai hulimwa hasa Dodoma, ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Aina zinazojulikana ni Makutupora nyekundu na Chenin Blanc nyeupe. Divai nyingi za bei nafuu hutengenezwa zinywewe zikiwa changa. Kuziweka kwa miaka mingi hakuziongezei ubora.

Hatua hizohizo zinaweza kutumika kupima wanzuki, kileo cha asali kinachojulikana katika mikoa kama Tabora: kikianza kunuka siki, kimepita wakati wake.