Tusi Lisilorudishwa

Msomaji, ukisimama Feri alfajiri, upande wa kisiwa cha Mombasa, utaona watu wakimiminika kutoka katika vyombo vinavyovuka kutoka Likoni. Huyu ni mpishi, yule ni karani, wa tatu ni kuli wa bandari, wa nne ni mama anayekwenda kufagia ofisi kabla wenye ofisi hawajafika. Kila mmoja ana mkubwa anayemngoja. Wengine wataitwa kwa majina yao, na wengine watapokewa kwa matusi. Jioni, chombo kitakapowarudisha ng'ambo, yamkini mishahara yao itakuwa sawasawa, lakini mioyo yao haitakuwa sawa.

Swali lenyewe ndilo hili: je, mkubwa wa kazi ana ruhusa ya kuwatukana walio chini yake? Wako wasemao kuwa matusi ni chumvi ya kazi, na kwamba mkubwa asiyetukana haogopwi, na asiyeogopwa hatiiwi. Nakuomba tulipime neno hilo kwa historia ya mji huu, kwa kuwa watu wa Mombasa walikwisha kulijibu zamani, na jibu lao lilisimamisha bandari nzima.

Kwanza tutenge mambo yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa asili. Ukali si tusi. Mzigo ukining'inia juu ya kichwa cha mtu, na kamba ikaanza kulia, sarahangi hana wajibu wa kuchagua maneno matamu. Atapiga ukelele, na aliyeokolewa atamshukuru. Ukelele ule unaitazama hatari, haumtazami mtu. Tusi humwacha kamba na mzigo, likamwendea mtu mwenyewe, au mama yake, au kabila lake.

Wala utani si tusi. Watu wetu wanaujua utani tangu kale. Mnyamwezi na Mzaramo huambiana maneno ambayo mgeni akiyasikia hudhani damu itamwagika, kumbe watu wanacheka. Mjukuu naye humtania babu yake, na babu humjibu. Siri ya utani ni kwamba neno huenda na kurudi. Mtani akikupiga kwa neno, nawe una haki ya kumpiga kwa neno, tena kali kuliko lake. Mkubwa wa kazi amtukanapo mtumishi wake, njia ya kurudi imefungwa. Mtumishi akijibu, amepoteza chakula cha watoto wake. Kwa hiyo hata kama maneno ni yale yale, jambo si lile lile. Hili ni tusi lisilorudishwa, na ubaya wake wote umo humo.

Sasa tutazame jinsi njia hiyo ilivyofungwa. Neno kibarua, ambalo leo lina maana ya mtu wa kazi ya kutwa au kazi yenyewe, limetokana na barua, yaani kikaratasi alichopewa mtu kuwa ushahidi wa kazi ya siku. Katika karne ya 19, wengi wa vibarua wa miji ya pwani walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, na sehemu ya ujira wao ilikwenda kwa bwana. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Lakini sheria ikiondoa kitu siku moja, ulimi hauondoi mazoea yake siku ile ile. Mtu aliyekuwa huru tangu jana aliweza kusemeshwa leo kama aliyekuwa mtumwa juzi.

Haikupita miaka mingi, serikali ya kikoloni ikatunga Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1910. Miongoni mwa makosa ya jinai yaliyotajwa humo lilikuwa ni kosa la mtumishi kumtolea bwana wake maneno ya matusi. Angalia vizuri, msomaji. Waliotunga sheria ile walijua wazi kwamba tusi huumiza na huharibu kazi. Kama wasingalijua, wasingaliliwekea adhabu. Walichokosa ni kukubali kwamba linaumiza pande zote mbili. Heshima ya bwana ilipewa ngao ya sheria, na heshima ya mtumishi ikaachwa uwanjani bila ngao.

Tena, si kila tusi lilikuwa neno chafu. Lililosikika kila siku lilikuwa neno dogo, boi, neno la Kiingereza la kumwita mtoto wa kiume. Mzungu alilitumia kumwita mtu mzima mwenye mke na watoto, na pengine mwenye wajukuu. Katika nchi ambayo umri ndio mwanzo wa heshima, na kijana humwamkia mzee shikamoo kabla ya neno lolote, kumwita mzee mtoto ni kumvua nguo barabarani.

Makuli wa Kilindini walikuwa na jibu moja tu la peke yao, nalo ni miguu. Kwa miaka mingi wengi wao waliajiriwa kwa siku. Aliyechoshwa na nyapara mwenye ulimi mbaya aliweza kutokwenda kesho, akamtafuta nyapara mwingine au akarudi shambani. Lakini mtu mmoja akiondoka, nafasi yake hujazwa kabla jua halijapanda. Ilipasa miguu yote isimame pamoja. Jambo hilo lilitokea Julai na Agosti 1939, wafanyakazi walipogoma kwa ajili ya ujira na ghali ya nyumba. Likatokea tena kwa nguvu kubwa zaidi mwaka 1947.

Tarehe 13 Januari mwaka huo watu wa bandari na wa reli waliacha kazi, na baada yao wakafuata watumishi wa mahoteli na wa majumbani. Yapata watu 15,000 waligoma. Walikutana katika uwanja ambao wenyewe waliupa jina la Kiwanja cha Maskini, wakasikiliza hotuba na kushauriana. Katika siku zile kikazaliwa chama kilichokuja kuitwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake.

Je, walitaka nini? Walitaka mshahara sawa kwa kazi sawa, bila kujali rangi ya mfanyaji. Walilalamikia ukali wa maisha, na posho ya wake na watoto ambayo hawakupewa. Lakini katika hesabu ya malalamiko yao, bega kwa bega na shilingi, lilikuwamo jambo ambalo halinunuliwi sokoni: upendeleo na kukosewa heshima kokote walikoajiriwa. Hao walikuwa watu waliolala wengi katika chumba kimoja, na wengine kwa njaa. Angetazamiwa mtu kama huyo aseme, nipe chakula kwanza, heshima tutaizungumza baadaye. Hawakusema hivyo. Waliviweka vitu viwili hivyo katika mizani moja.

Mgomo ulidumu siku kumi na mbili. Eliud Mathu, ambaye mwaka 1944 alikuwa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alikuja Mombasa akawasihi watu warudi kazini. Jaji Thacker akapewa kazi ya kuchunguza madai yao, na nyongeza ya mishahara ikapatikana. Shilingi zilihesabika, zikatolewa. Heshima haikuwa na safu katika daftari la mahesabu. Mnamo Agosti 1947 Kibachia alikamatwa, akapelekwa Kabarnet, huko Baringo, akazuiliwa kwa muda wa miaka kumi hivi. Makuli hawakusahau. Machi 1955 waligoma tena, safari hii wakiwa na chama kilichoandikishwa, na Tom Mboya akawasaidia katika mapatano yaliyowaletea nyongeza ya asilimia 33.

Usidhani kuwa jambo hili ni la Waswahili peke yao kwa kuwa sisi ni watu wa kupenda adabu. Mwaka 1968, katika mji wa Memphis huko Marekani, wazoaji taka waligoma baada ya wenzao wawili kusagwa na mtambo wa gari la taka. Walikuwa watu weusi waliozoea kuitwa kwa neno lile lile, boi. Walipotembea barabarani walibeba mabango yenye maneno machache tu, kwamba kila mmoja wao ni mwanamume. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na huko ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili 1968. Kuli wa Kilindini na mzoaji taka wa Memphis hawakujuana, lakini kidonda chao kilikuwa kimoja.

Utaniuliza, je, mambo hayo si ya zamani, na wakoloni si wamekwisha kwenda zao? Wamekwenda, ndiyo, lakini kiti walichokalia kimebaki, na akikaliaye leo ni mwenzetu. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 44, inahesabu matusi ya mfanyakazi kwa mwajiri wake kuwa miongoni mwa sababu za kumfukuza kazi mara moja. Kifungu hicho kinamtazama aliye chini. Aliye chini naye ameshikiwa mkono na Katiba ya mwaka 2010, ambayo katika kifungu cha 28 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa utu wake, na katika kifungu cha 41 haki ya kutendewa sawa kazini. Lakini Katiba haisimami mlangoni pa kila ofisi. Anayesimama hapo ni mkubwa, pamoja na ulimi wake.

Sina budi kuwatendea haki wanaoyatetea matusi. Wanasema kuwa mkubwa anayetukana angalau ni mkweli, moyo wake u wazi, naye ni afadhali kuliko yule mwenye maneno ya asali na mshahara wa shubiri. Katika neno hili mna ukweli. Wafanyakazi wa mwaka 1947 hawakugoma ili wapewe maneno mazuri matupu, na adabu isiyo na ujira ni dhuluma iliyopakwa marashi. Lakini ubaya mmoja hauhalalishi mwingine. Na ukweli wa mkubwa unapimwa kwa swali jepesi: je, maneno hayo humwambia pia aliye juu yake? Kama mbele ya mwenye mali ulimi wake hulainika, na mbele ya mfagiaji hukakamaa, basi hauongozwi na ukweli. Unaongozwa na hesabu ya nani awezaye kujibu.

Tena iko hasara ambayo mkubwa mtukanaji haioni mpaka siku ya msiba. Mtu anayetukanwa kila afunguapo kinywa hujifunza kukifunga. Akiona kamba imelika, hunyamaza. Akiona hesabu zimekosewa, hunyamaza. Mkubwa hufurahia ukimya ule akidhani ni utii, kumbe watu wamemwachia aende peke yake gizani.

Msomaji, wewe leo u shuleni, lakini kesho utavuka Feri ya maisha yako mwenyewe. Pengine utakuwa wa kutukanwa. Kama ni hivyo, ujue kwamba kudai heshima si kiburi, na kwamba watu waliokuwa maskini kuliko wewe waliidai pamoja na mkate wao, katika uwanja waliouita kwa jina la umaskini wao. Na pengine utakuwa mkubwa. Siku hiyo, neno likikujia ulimini kwa hasira, jiulize kabla hujalitoa: mtu huyu akinirudishia neno hili, nitamwacha abaki na kazi yake? Kama jibu ni hapana, limeze.