Mtoto Mlizi wa Nyanda za Ngorongoro

Barabara ya Mto wa Mbu inaparamia ukuta wa Bonde la Ufa, inapita Rhotia, inafika Karatu, kisha inazama msituni kwenye lango la Lodoare. Machi 1892 Oscar Baumann, mchora ramani Mwaustria, alipanda nyanda hizi na msafara wake hadi kreta ya Ngorongoro. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe na Wamasai wamebaki mifupa. Aliandika kwamba wazazi walitaka kumpa watoto wao ili wapate kipande cha nyama; alipokataa, waliwaficha watoto karibu na kambi wakaenda zao. Wapo wanaosoma ukatili hapo. Mimi namwona mzazi akimwacha mwanawe penye chakula.

Nani alipona, Baumann hakusema. Ila katika ukame wa 1974, upande wa Kenya, mtafiti Marten deVries alipima hulka za vichanga wa Kimasai: watulivu, na wale wagumu wasiobembelezeka. Aliporudi alizipata familia 13 tu. Kati ya watulivu 7, walikuwa wamekufa 5. Kati ya wagumu 6, amekufa mmoja. Idadi ni ndogo mno, lakini sababu inaeleweka: anayelia ndiye anayenyonyeshwa.

Mwaka huohuo, huku Ngorongoro, serikali ya Tanzania iliwahamisha Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya kreta. Leo wajukuu wao wengine wanalala kwenye mabweni ya shule, pamoja na watoto wa Kiiraqw na Kidatoga, na hulka ileile ngumu inakutana na kengele na fimbo. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha kuwa kijana mwepesi kuumia na mzito kutulia yuko karibu zaidi na sonona, hasa akizoea kuficha uchungu au kuurudiarudia kichwani usiku kucha. Kijana wa Kimasai hufundishwa asikunje uso jandoni. Kwa dakika za kisu, ni ushujaa. Kwa miaka minne ya sekondari, sina hakika kama kuna mwili unaoweza kuubeba.

Mgomvi huitwa ofisini, na walau mtu humwuliza ana nini, hata kama ni kwa ukali. Yule aliyeacha kula, asiyecheza mpira tena, anayekaa kimya dawati la nyuma, huandikiwa kwenye ripoti: nidhamu nzuri.