Familia Zikaondoka, Jiko Likabaki: Makalasinga wa Makindu

Treni ya Madaraka haisimami Makindu. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilipozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, vituo vya kati upande huu viliwekwa Mtito Andei, Kibwezi na Emali, na Makindu ukapitwa hivi hivi. Kwa mji uliozaliwa na reli, hiyo ni dharau. Hata hivyo wasafiri hawakuacha kusimama hapo. Madereva wa malori, familia zinazoteremka pwani wakati wa likizo, watalii, hata mtu asiye na shilingi mfukoni, wote hukata kona na kuingia kwenye ua wa gurudwara, hekalu la Makalasinga, kunywa chai na kula chapati bila kuulizwa jina wala dini.

Habari za mahali hapa husimuliwa kama habari za ukarimu, na ukarimu upo kweli. Ila historia yake inanishangaza kwa jambo jingine. Nyumba ile ilijengwa kwa ajili ya familia za wafanyakazi wa reli waliokuwa mbali na kwao. Familia hizo zimeondoka zamani. Kwa desturi ya nyumba za ibada, waumini wakihama paa huanguka, au jengo hugeuzwa ghala. Hapa haikuwa hivyo, na nikitafuta sababu, naiona jikoni.

Reli ya Uganda ilianza kutandazwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi Mei 1899 na Kisumu Desemba 1901. Waingereza walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi waliopakiwa melini Karachi kwa mikataba ya miaka 3. Simba wala watu wa Tsavo ndio waliopata sifa duniani, lakini maradhi na ajali ndivyo vilivyowamaliza wengi: waliokufa walikaribia 2,500. Wengine walirudi kwao mkataba ulipokwisha, na watu wapatao 6,700 wakabaki. Si wote walikuwa Makalasinga. Wapunjabi Waislamu walikuwa wengi zaidi, na Wahindu pia walikuwamo. Makalasinga walijulikana kwa ufundi: useremala, uhunzi, uashi, na baadaye kazi za karakana na kuendesha garimoshi.

Reli hiyo ilikata Ukambani, nchi ya Wakamba ambamo Makindu umo, wakati mbaya kupita wote. Miaka ya 1898 na 1899 Wakamba walikuwa katika njaa wanayoiita Ngomanisye, iliyoandamana na ndui na kuua watu wasio na idadi. Waliokuwa na nguvu za kutembea walikwenda kutafuta chakula Ukikuyu na pwani. Katikati ya nchi hiyo yalipita mabehewa yenye mchele, unga, dengu na samli ya vibarua kutoka ng'ambo. Ni vizuri kulikumbuka hilo kabla hatujaanza kusifu sahani za Makindu. Chakula cha Kihindi kilipita mbele ya Mkamba mwenye njaa miaka mingi kabla hajakaribishwa kukila.

Makindu upo kilomita 170 hivi kutoka Nairobi, katika nyika ya mibuyu na migunga, na kilichouweka kwenye ramani ni maji. Injini za mvuke zina kiu, na mahali penye chemchemi pakawa mahali pa kusimama, kuongeza maji na kuni, kukagua magurudumu na kubadilisha wafanyakazi. Kikajengwa kituo na karakana, na pembeni zikajengwa landi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli ambazo kila mji wa reli nchini unazo. Mwanzoni waliokaa humo walikuwa wanaume watupu, waliopika wenyewe na kusubiri barua kutoka Punjab. Mtu alitafuta kwanza kazi ya kudumu, ndipo akaenda kwao kuoa au kumleta mke aliyemwacha. Akina mama walipofika maisha yalibadilika. Kukawa na watoto, na kwa hiyo na maswali ya shule. Kukawa na harusi za kupanga na misiba ya kuzika au, kwao, ya kuchoma. Maisha ya kambi hayawezi kubeba mambo hayo yote. Mambo hayo yanahitaji mahali pa kukutana.

Inasimuliwa kwamba kabla ya kuwa na jengo, wafanyakazi walikusanyika jioni chini ya mti, Kalasinga, Mhindu na Mwislamu, kila mmoja akimwomba Mungu kwa njia yake. Sina shida kuyaamini hayo. Katika kituo kidogo namna ile, aliyekaa peke yake kwa sababu ya dini alikaa peke yake kabisa. Mwaka 1926 Makalasinga walijenga gurudwara mahali hapo, na kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kikawekwa ndani. Kwa Kalasinga kitabu hicho ndicho kiongozi wa dini aliye hai. Hulazwa usiku, huamshwa alfajiri, hupepewa kwa heshima, na katika nyakati maalumu husomwa mfululizo kwa saa 48 hivi, wasomaji wakipokezana bila sauti kukatika. Familia iliyokuwa na mtoto mchanga, mgonjwa au safari ya meli mbele yake ilikuwa na mahali pa kwenda.

Sasa tuingie jikoni. Guru Nanak, mwanzilishi wa dini ya Makalasinga, aliyezaliwa mwaka 1469, alifundisha kwamba mbele ya Mungu hakuna tabaka, na waliomfuata wakaligeuza fundisho hilo kuwa chakula. Hicho ndicho langari: jiko la gurudwara ambamo kila mtu hula bure, wote wamekaa chini, safu moja. India ilikuwa nchi ambamo mtu wa tabaka la juu hakukubali maji kutoka mkononi mwa mtu wa tabaka la chini, kwa hiyo kuketi pamoja kwenye mkeka kulikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote. Chakula chenyewe hakina nyama, ili asiwepo wa kusema dini yake inamkataza.

Makindu utaratibu ni huo huo. Unavua viatu mlangoni na kufunika kichwa. Asiye na mtandio huchukua kitambaa kwenye kapu, na hapo dereva wa lori mwenye kilemba cha rangi ya chungwa hakosi kuchekwa kidogo na utingo wake. Sigara na pombe haviingii. Unanawa, unachukua sahani ya chuma yenye vyumba vyumba, unakaa. Mhudumu anapita na ndoo na upawa: dengu, mboga, wali, pengine mchele uliopikwa kwa maziwa na sukari. Chapati hupokewa kwa mikono miwili, haichomolewi kwenye kapu kama hotelini. Ukimaliza unaongezwa hadi uweke kiganja juu ya sahani. Chai ni ya maziwa, yenye tangawizi, na huja kwenye kikombe cha chuma kinachounguza midomo ya mwenye haraka. Ukitaka kuacha mchango, sanduku lipo; usipotaka, hakuna anayekutazama.

Wageni wengine waliokuja kukaa Ukambani kwa ajili ya dini walikuwa na nia tofauti. Waskoti walifungua misheni Kibwezi mwaka 1891, malaria ikawashinda, wakahamia Ukikuyu mwaka 1898. Walutheri wa Kijerumani walikaa Ikutha, kusini mwa Kitui. Peter Cameron Scott aliianzisha Africa Inland Mission huko Nzaui mwaka 1895, na mwaka uliofuata akafa kwa homa. Kutokana na misheni yake limekua kanisa la AIC, mojawapo ya makanisa makubwa zaidi Ukambani. Baadaye wakaja mapadri wa Ireland, ambao jimbo la Kitui, lililoundwa mwaka 1964, lina deni kubwa kwao. Hao wote walikuja kuwageuza wenyeji, na baadhi yao wakafanikiwa. Makalasinga wa Makindu hawakutaka kumgeuza mtu. Mkamba alikula langari Jumamosi, na Jumapili akaenda AIC au misa, hakuna aliyemkatalia kati ya pande mbili.

Nisieleweke kwamba yalikuwa maisha ya undugu. Ukoloni uliwapanga watu ngazi kwa ngazi, Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na reli ilifuata mpangilio huo katika mishahara, katika mabehewa na katika landi zenyewe. Waliokula pamoja hawakuoana. Mkamba aliingia nyumbani kwa Mpunjabi kwa mlango wa jikoni, kama mpishi au yaya, akaitwa boi akiwa na wajukuu. Walikuwapo waliovunja uzio huo. Makhan Singh, mpigania haki za wafanyakazi, aliungana na Fred Kubai kuongoza shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka 1949, akadai uhuru hadharani Nairobi mwaka 1950, na serikali ikamfungia kizuizini hadi 1961. Lakini walikuwa wachache.

Kupitia mlango huo huo wa jikoni, chakula kilivuka. Mpishi wa Kikamba alijifunza kukanda unga kwa maji ya vuguvugu, kuuacha utulie, kusukuma, kupaka mafuta na kukunja. Alipokwenda likizo kwao, mjini Wote au Mwingi, alipika mwenyewe. Leo Krismasi Ukambani bila chapati haijakamilika, na hakuna mtoto anayedhani zilitoka ng'ambo. Muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, bado ndicho chakula cha heshima cha nyumbani, ila siku ya wageni hukaa meza moja na chapati na ndengu. Ndengu ina kisa chake. Inavumilia ukame, inakomaa upesi, na Kitui na Makueni ndizo zinazoongoza kwa kuilima nchini. Serikali ya Kaunti ya Kitui ilizindua kampeni ya zao hilo mwaka 2018 na kugawa mbegu, na sehemu ya mavuno huuzwa India.

Waumini wa Makindu walianza kupungua injini zilipoongezeka ukubwa. Zile injini za mvuke aina ya Garratt zilizokuja miaka ya 1950 zilikuwa na nguvu za kwenda mbali zaidi, na dizeli ilipokuja baadaye haikuhitaji maji ya chemchemi ya mtu yeyote. Karakana ikapungua, mafundi wakahamishwa. Kisha ikaja siasa. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na Wahindi wengi walikuwa bado na pasi za Uingereza. Waliposikia Uingereza nayo inafunga mlango, walikimbilia ndege kabla ya sheria yake ya Machi 1968. Maduka ya Wahindi katika miji midogo yalibadilika mikono, Kitui mjini na kando ya reli kadhalika. Mwenye duka alikwenda Leicester au Birmingham, na Mkamba aliyekuwa karani wake akaandika jina lake mlangoni.

Hapo ndipo gurudwara ilipaswa kufa. Iliokolewa na barabara. Lami ya Mombasa Road ilipita karibu na lango, na Makalasinga wa Nairobi na Mombasa, ambao wakati huo walikuwa na magari, walifanya desturi ya kusimama njiani, kusali, kula na kuacha mchango. Jiko lililowahudumia wakazi likawa la wapita njia. Vikaongezwa vyumba vya kulala. Siku za wikendi huja familia nzima kutoka Nairobi, bibi, wajukuu na shangazi waliotoka Uingereza kwa likizo, na akina mama hujipanga jikoni kusukuma chapati pamoja na wafanyakazi wa Kikamba ambao, kwa kuzoea moto ule mkubwa, huzigeuza kwa kasi kuliko wao. Mtu wa ukoo aliyezaliwa Makindu anaweza kuonyesha nyumba ya babu yake ilipokuwa. Wengi hawana tena nyumba hapo, wana jiko tu.

Julai 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii ya 44 ya nchi. Joginder Singh, Kalasinga aliyezaliwa Kericho na kushinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alikufa mwaka 2013 bila kulisikia tangazo hilo. Mashabiki walikuwa wamemwita Simba miaka mingi nyuma.

Siku hizi wanaosafiri kwenda kufanya kazi ng'ambo ni Wakamba. Wasichana wa Kitui na Makueni wako Riyadh, Doha na Dubai, wengi wakiwa wafanyakazi wa nyumbani, wakikaa pamoja na Wafilipino waliotangulia na wanaojua mbinu zote: wapi pa kununua simu, namna ya kutuma pesa, mwajiri gani wa kukwepa. Doha kuna eneo lililotengwa kwa makanisa, na kanisa Katoliki lililofunguliwa hapo mwaka 2008 hujaa Wafilipino, Wahindi na Waafrika. Saudia hakuna kanisa la wazi, kwa hiyo sala hufanyika chumbani, sauti chini, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mto wa kulalia ili mama aliye kijijini aitikie. Mfuko wa muthokoi uliopenya ukaguzi wa uwanja wa ndege hugawanywa kwa vikombe. Ila wao hawawezi kujenga kitu kama gurudwara ile ya mwaka 1926. Visa yao inategemea mwajiri, waume na watoto hawaruhusiwi kuwafuata, na jiko wanalopikia ni la mtu mwingine.