Taa ya injini inayowaka na kuzimika imetoka wapi?

Moshi ndio ulioleta taa hii. Jimbo la California, Marekani, lilichoshwa na hewa chafu ya mji wa Los Angeles, likaagiza magari mapya, kuanzia yale ya mwaka 1988, yajichunguze yenyewe na kumwonya dereva kwa taa. Mwaka 1996 sheria ikaenea Marekani nzima, na tundu la kuchomeka chombo cha kusomea makosa likawa la aina moja. Ulaya ilifuata: petroli 2001, magari madogo ya mazutu 2004.

Basi dogo la zamani lilikuwa na pampu ya chuma tu, na fundi alilijua kwa sikio. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaja pampu ya shinikizo kubwa inayoongozwa na kompyuta. Ikaja na nyaya nyingi.

Hapo ndipo dereva wa Goma anapochanganyikiwa. Taa inawaka kwenye mashimo, inazimika barabara ikinyooka. Kuzimika si kupona! Safari kama tatu zikipita bila kosa, kompyuta huizima taa, lakini namba ya kosa hubaki imehifadhiwa. Fundi anayekimbilia kuchomoa betri anaweza kuifuta namba hiyo, kisha anabaki kubahatisha kwa vipuri vya bei kali. Asome kwanza. Halafu atikise nyaya injini ikinguruma, atazame viungo vyenye kutu, amwage maji yaliyotulia chini ya chujio la mazutu.

Familia ya wahami iliyofunga magodoro juu ya gari haina nauli ya pili likizimika kabla ya Sake.