Mashamba ya Misioni za Kwanza Ziwani Tanganyika

Siku hizi wako vijana wa Ulaya na Marekani wanaoacha kazi zao za mjini kwa mwezi mmoja au miwili, wakaenda kukaa kwenye shamba lisilo na waya wa umeme wala bomba la maji. Hawapati mshahara. Asubuhi wanashika jembe, jioni wanakula walichochuma, na usiku wanawasha taa ya jua au hawawashi kabisa. Desturi hiyo ya kutoa kazi na kupewa chakula na malazi ilianza Uingereza mwaka 1971, mwanamke mmoja wa London, Sue Coppard, alipowatafutia watu wa mjini shamba la kufanyia kazi mwisho wa juma. Na elimu inayofuatwa katika mengi ya mashamba hayo ilipewa jina mwaka 1978 katika kitabu cha Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren. Kwa lugha yetu huitwa kilimo cha kudumu. Shamba hupangwa kama msitu: miti mirefu juu, migomba chini yake, kisha maharage na maboga ya kufunika udongo. Takataka za jikoni hurudi shambani, maji ya mvua huzuiwa yasikimbie, na vitu vya kununua ni vichache.

Mtu wa Uvira akisimuliwa habari hii hucheka kidogo. Atasema: Hilo si shamba la nyanya yangu? Migomba nyuma ya nyumba, mihogo ya bugali na ya sombe, lengalenga karibu na jiko, mchikichi mmoja au miwili ya mawese. Na huko juu milimani vijiji vingi havijaona waya wa umeme hata leo, wala hapana mtu aliyelipa nauli ya ndege ili akaone giza lao.

Lakini tusicheke upesi. Pwani yetu hii iliwahi kupokea wageni waliojaribu kuishi hivyo hivyo, tangu zaidi ya miaka 140 iliyopita. Nao ni mapadre wetu wa kwanza.

Kardinali Lavigerie alipokuwa Askofu Mkuu wa Alger, njaa kubwa iliua watu wengi katika Algeria miaka ya 1867 na 1868. Alikusanya watoto yatima, akawapa chakula, na kisha akawapa jembe. Wakubwa walipooa aliwajengea vijiji vya wakulima Wakristo. Kimojawapo kiliitwa Saint-Cyprien. Mwaka ule wa 1868 aliunda shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe kwa ajili ya kanzu zao. Aliwapa amri ambayo kila mseminari ameisikia: waseme lugha ya wenyeji, wale chakula chao, wavae kama wao. Basi, habari ya shamba ilikuwa ndani ya kazi yao tangu mwanzo.

Msafara wa kwanza uliondoka pwani ya Bagamoyo mwaka 1878 ukafika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Safari ilikula zaidi ya nusu mwaka, na padre mmoja, Padre Pascal, alifia njiani. Kila kitu kilibebwa kichwani na wapagazi: vitambaa na shanga za kununulia vitu, dawa, vitabu, vifaa vya misa. Hapana mtu awezaye kubebesha wapagazi chakula cha mwaka mzima. Aliyetaka kukaa ziwani ilimpasa alime, au anunue kwa wale waliolima.

Na waliolima walikuwapo. Waingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi mwaka 1858, na Livingstone na Stanley walifika mdomo wa Ruzizi mwaka 1871. Hawakukuta jangwa. Walikuta watu wa mashamba, wavuvi na masoko. Mawese ya pwani ya kaskazini yalikuwa yakiuzwa mpaka Ujiji. Tulipokuwa wadogo tulifundishwa kana kwamba ukulima ulishuka pamoja na msafara. Sivyo. Udongo huu ulikuwa na waalimu wake, na mgeni aliyeshiba hapa alishiba kwa kutazama jirani yake anapanda nini, na wakati gani.

Misioni ya kwanza ya upande wa kaskazini ilikuwa Rumonge, katika Burundi, mwaka 1879. Haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 waliuawa hapo Padre Deniaud, Padre Augier na msaidizi wao mlei, Mbelgiji Félix d'Hoop. Ugomvi ulitokana na mtoto aliyekombolewa, ambaye mapadre hawakukubali kumrudisha. Upande wa pili wa ziwa walikuwa wamekwisha kufungua Mulweba, katika nchi ya Masanze, mwaka 1880. Halafu mwaka 1883 Kibanga, karibu na rasi ya Ubwari. Kibanga ndiyo iliyokua. Waliiita pia Lavigerieville, mji wa Lavigerie.

Hapa yako mambo mazito, nami sitaki kuyaruka. Nani alilima mashamba ya Kibanga? Mapadre walikuwa wachache, tena wagonjwa wa homa siku nyingi. Waliolima hasa walikuwa watoto na vijana waliokombolewa katika biashara ya watumwa, pamoja na watu waliokimbilia misioni kwa kuogopa bunduki. Mtoto alinunuliwa kwa vitambaa, akafunguliwa kamba, akapewa nguo, katekisimu na jembe. Saa nyingine alisoma, saa nyingine alilima.

Je, alijitolea? Kijana wa leo anayekwenda shambani kwa mwezi mmoja anayo tikiti ya kurudi mfukoni. Mtoto wa Kibanga hakuwa nayo. Kijiji chake pengine kilichomwa, au kilikuwa mbali asikoweza kufika bila kukamatwa tena. Ni kweli kwamba misioni ilimwokoa na mambo mabaya sana, na anayesema vingine hajasoma habari za Ujiji wa siku zile. Ni kweli pia kwamba hakuulizwa kama anapenda kulima. Wengine walikaa kwa moyo, wakaoa, wakawa wazazi wa Wakristo. Wengine walitoroka. Mimi ni katekista, nimelelewa na Kanisa hili, na naona maneno yote mawili hukaa pamoja bila moja kufuta la pili.

Yuko lakini mtu mmoja aliyejitolea kwa maana kamili ya neno. Ni Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1842, askari wa Papa zamani. Alikuja ziwani kuzilinda misioni, akarudi kwao mwaka 1885, kisha mwaka 1887 akafika Mpala, upande wa kusini, bila mshahara. Mwaka 1888 alimwoa Agnès Atakae, binti wa nchi hii. Walikaa Mrumbi, katika kijiji kilichoitwa Saint-Louis. Hakurudi tena Ulaya. Alikufa karibu na Moba mwaka 1927, baada ya miaka 40 ya kuishi kati ya watu wale wale. Nguvu yake ilikuwa bunduki, hilo tusilifiche. Walakini bunduki hailishi kijiji miaka 40.

Miaka ya 1888 na 1889 njia ya ziwani ilijaribiwa hasa. Pwani ya Bahari ya Hindi ilikuwa katika vita ya Abushiri na Wajerumani, na misafara ilipita kwa shida. Misioni iliyozoea kungoja mizigo ya Unguja ilipaswa kuishi kwa kile kilichoota mbele ya macho yake.

Hata hivyo shamba zuri halikutosha. Kibanga palikuwa mahali pa homa. Padre Amaat Vyncke, Mflemi, alifia pale mwaka 1888. Askofu Bridoux alifia pale mwaka 1890. Mwaka 1893 Padre Roelens alifungua Baudouinville juu ya uwanda wa Kirungu, kwenye hewa baridi, na Kibanga ikaachwa. Wanaosifu mashamba ya mbali na mji wakumbuke jambo hili: ardhi yaweza kukupa mihogo na ndizi mwaka mzima, na mbu wake wakakuzika.

Baadaye jembe la shuruti lilikuja kwa sura nyingine. Sheria ya mwaka 1917 iliwapa wakubwa wa serikali ya Kibelgiji ruhusa ya kulazimisha wanavijiji kulima mazao waliyochaguliwa, mpaka siku 60 kwa mwaka. Katika bonde la Ruzizi zao hilo likawa pamba. Juu milimani katika Kivu watu walichimbishwa mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Mitaro ile ilikuwa na faida, kila mkulima aliona. Lakini ilikuwa na harufu ya fimbo, na uhuru ulipokuja mwaka 1960 mingi iliachwa ijae udongo.

Nilikumbuka mitaro hiyo baada ya tarehe 17 Aprili 2020. Usiku ule mvua ilinyesha juu ya milima ya Mitumba, ambayo inasimama mgongoni mwa Uvira kama ukuta, na mto Mulongwe ukashuka mjini na mawe na miti. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka. Milima ile imekatwa miti kwa ajili ya makaa, na mihogo imepandwa kwenye miteremko isiyo na kinga. Kinachofundishwa na wale wa kilimo cha kudumu, yaani kuchimba mtaro kufuata kiuno cha mlima na kuacha majani na miti juu yake, ni karibu kitu kile kile kilichochimbwa kwa fimbo. Safari hii itabidi mwenye shamba akubali mwenyewe.

Mtoto wa Kapteni Joubert na Agnès, Padre Albert, alizaliwa mwaka 1908 akawa padre, na mwisho alitumika Fizi, katika jimbo letu. Aliuawa huko tarehe 28 Novemba 1964, siku ile ile waliyouawa Waksaveri watatu, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin. Wote wanne walitangazwa Wenye Heri hapa Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Majina ya mapadre wa Kibanga yamo katika vitabu vya siku za misioni, ambavyo kila nyumba ya Mapadre Weupe iliamriwa kuandika. Majina ya waliolima ni magumu zaidi kuyapata. Wazee wa Ubwari, Baraka na Fizi waliosikia kwa babu zao nani alikombolewa, nani alibaki na nani alitoroka, na shamba lake lilikuwa wapi, wamsimulie katekista wa parokia yao, naye ayaandike kabla msimuliaji hajaondoka.