Tiba ya Miezi Sita Ilipita Hapa Kwetu

Kila Machi 24, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, wagonjwa huhimizwa wamalize dawa. Nadra kuambiwa kwamba tiba ya miezi sita wanayomeza leo watu wa Kibera na Kawangware, hapa Nairobi, ilianza kuthibitishwa kwa miili ya Waafrika Mashariki.

Streptomaisini iligunduliwa Marekani mwaka 1943. Haimezwi kwa kuwa tumbo haliifyonzi, hivyo lazima idungwe. Hapa kwetu mgonjwa alichomwa sindano kila siku kwa miezi miwili huku akimeza isoniazidi na thiasetazoni, kisha akaendelea na vidonge hadi mwezi wa 18. Wengi walipopata nafuu walirudi vibaruani, dawa zikaachwa.

Ndipo madaktari wa Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia, pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, walipojaribu kukata muda huo. Ripoti zao zilianza kutoka katika jarida la Lancet mwaka 1972. Makundi manne yalitibiwa kwa miezi sita, na yote yalidungwa streptomaisini ileile kila siku pamoja na isoniazidi. Waliopata hizo mbili pekee, asilimia 29 waliugua tena. Walioongezewa thiasetazoni, asilimia 22. Walioongezewa pirazinamidi, 8. Walioongezewa rifampisini, 3 tu, sawa na waliotibiwa miezi 18. Sindano ilikuwa moja kwa wote. Kilicholeta tofauti ni kidonge. Tafiti zilizofuata ziliiondoa sindano kabisa kwa mgonjwa wa kawaida.

Lakini si kila kidonge kilikuwa rafiki. Thiasetazoni ilipendwa kwa bei yake nafuu, hadi UKIMWI ulipoingia. Mwaka 1991 watafiti wa Nairobi waliripoti kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano wenye virusi alipata madhara ya ngozi kutokana nayo, na baadhi walikufa. Dawa hiyo ikaondolewa.

Kwa kifua kikuu sugu, sindano ilibaki muda mrefu zaidi. Kanamaisini ilidungwa kwa miezi mingi na kuwaachia baadhi ya wagonjwa uziwi. Kufika kliniki kila siku pia kulimaanisha nauli ya matatu na siku ya kibarua iliyopotea. Shirika la Afya Duniani lilianza kuhimiza tiba ya vidonge pekee mwaka 2019, na 2022 likaidhinisha ya miezi sita.

Historia hii ya tiba ya miezi sita inastahili kufundishwa shuleni, maana wagonjwa wetu waliilipia. Nawe ukikohoa wiki mbili mfululizo, nenda Mbagathi, jirani ya Kibera, iliyojengwa miaka ya 1950 kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza, au kituo cha afya cha Riruta ukapimwe makohozi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika hospitali za umma. Ukizianza, zimalize.